Florini ya Shingoni kwa Mama

Jumapili, 11 Mei

Nimetoka kanisani nikakaa kwenye duka langu la vitenge, mlango nusu, simu mkononi. Mnada wa mtandaoni ulikuwa unafungwa mchana. Florini, sarafu ya fedha ya shilingi mbili za Kiingereza, ya Mfalme Edward wa Saba, mwaka 1902, imechakaa kiasi lakini ndevu za mfalme bado zinahesabika. Nimeweka dau. Yule mtu wa huko Uingereza anayejiita kwa herufi mbili tu akaongeza. Nikaongeza. Akaongeza. Nimemwachia. Hasira zimenipanda kana kwamba kaniibia.

Na siihitaji hata. Ninayo nyingine ya mwaka huo huo. Ila kila nikiona florini namwona baba kwenye mkeka, Jumapili baada ya ibada, anapanga fedha alizorudi nazo kutoka migodi ya shaba ng'ambo. Mstari wa wafalme, mstari wa malkia mzee. Tarakimu nilijifunza kwenye sarafu zile kabla sijajua shule inafananaje. Baadaye akaziuza moja moja, zikawa ada zangu na za Lameck. Sasa mimi nazirudisha. Zile zenyewe sitazipata, nanunua ndugu zao.

Jirani wa duka la pili anaamini nina rupia za Mjerumani. Nimechoka kumbishia.

Jumatano, 14 Mei

Lameck amekuja kutoka Ihanda. Kaka yangu huyu akikataa chai, ujue kuna jambo. Amekataa chai. Amenionyesha simu: kuna mtu wa Dar ananunua florini za mwaka 1905, anaomba picha. Bei aliyotaja inaezeka nyumba ya mama yote na bati zinabaki.

Nilijua anawaza ipi. Katika fedha za baba imebaki moja tu, na iko shingoni kwa mama.

Amemwomba aivue. Mama kamjibu, "Mpaka Eliza aione." Kwa hiyo mzigo ni wangu. Nimefurahi kuaminiwa? Hapana. Nimeogopa.

Jumamosi, 17 Mei. Ihanda

Mvua zimeisha. Kahawa imeanza kuiva, nyekundu hapa na pale. Njia nzima nilikuwa nafikiria jinsi ya kumvua mama cheni yake bila kumuudhi. Kazi bure. Hakuivua. Tangu aolewe haijatoka: ameoga nayo, ameumwa nayo, ametuzaa nayo. Nimepiga magoti mbele ya kiti chake na lenzi yangu, nikaisoma hapo hapo shingoni. Pumzi zake zilikuwa kwenye paji langu la uso. Harufu ya mafuta ya mgando na moshi, ile ile ya utotoni. Kidogo nilie.

Uso wa mfalme umelika, limebaki umbo la kichwa. Upande wa pili yule mwanamke wa nembo ya Uingereza amesimama na mkuki wake wa ncha tatu, nguo inapepea. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni mama, kachorwa akitoka shambani kwenye upepo. Tundu liko chini ya miguu yake, kwa hiyo wote wawili wananing'inia kichwa chini. Babu mzaa mama alitoboa hivyo kwa makusudi. Sisi wengine tunawaona wamepinduka, mama akiinama anawaona wamesimama vizuri.

Shida ni tundu lenyewe. Limekula tarakimu ya mwisho ya mwaka. Ipo 1, ipo 9, ipo 0, halafu hewa. Juu ya tundu kimebaki kistari kimelala. Kistari cha kulala ni cha 5 au cha 7. Za 1907 zimejaa tele, kila wiki ziko mnadani. Za 1905 zinatafutwa kwa tochi.

Lameck alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. "Ni tano?" "Sijui." "Angalia vizuri." "Nimekwambia sijui!"

Baadaye, jikoni, ndipo jambo lilipokaa sawa kichwani. Baba alirudi kutoka migodini bila ng'ombe hata mmoja. Alikuwa na fedha za Kiingereza na viatu. Babu akapokea florini ile ikasimama mahali pa ng'ombe wa kwanza, na kilichobaki baba akakilipa kwa kulima shamba la babu. Kwa hiyo leo nimepiga magoti na lenzi nikipima mahari ya mama yangu. Aibu tupu.

Jumapili, 18 Mei

Kabla sijaondoka nilikata kipande cha sabuni ya mche nikakibana kwenye sarafu, hapo hapo shingoni, ili niondoke na alama ya kile kistari. Mama amecheka sana. Kasema, "Unanipiga muhuri kama gunia la kahawa." Nimerudi Tunduma na sabuni ndani ya bakuli la chakula. Foleni ya malori ilianzia mbali. Mapaja yamekufa ganzi kwa kuilinda.

Jumatatu, 19 Mei

Kwenye sabuni kila kitu kimegeuka, nimelazimika kukisomea kwenye kioo cha wateja. Wakati huo huo mama mmoja wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, anataka kujitazama na kitenge. "Bamayo, kioo!" ananiita, yaani mama kwa lugha ya kwao. Nikampa kioo, nikabaki na sabuni.

Nimeilinganisha na 1907 yangu. Kistari cha 7 kina kijino kinaning'inia kushoto. Cha mama kama kinacho, kama hakina. Bila 1905 ya kuweka kando sitajua.

Jumapili, 1 Juni

Imepatikana. 1905, imesuguliwa na mifuko ya watu hadi mfalme amekuwa kipara kuliko alivyozaliwa, lakini mwaka unasomeka wote. Herufi Mbili alikuwepo. Niliacha akiba ya mzigo wa vitenge iende. Nilijua ni ujinga, nikaongeza tu. Mwishoni amenyamaza.

Nimeshinda! Nimepiga kelele, jirani kaja mbio akidhani nyoka kaingia dukani.

Jumanne, 10 Juni

Baridi. Mzigo haujafika. Lameck amepiga simu: mtu wa Dar atakuwa Vwawa tarehe 28, anataka jibu. Nimemwambia asubiri. Kaniuliza kama mimi ndiye ninayelala na mama masika, maana kitanda chake wamekihamisha kona hii na ile wakikimbia matone. Nimekata simu.

Ana haki. Hicho ndicho kinachouma. Mimi najaza kabati wafalme wa watu, mama yangu analowa.

Alhamisi, 19 Juni

Posta hakuna kitu. Nimemfokea mteja bila sababu.

Jumatano, 25 Juni

Imefika. Nimeigonga mezani, inalia kama fedha. Nimeipeleka kwa mnunuzi wa dhahabu atokaye Mkwajuni, mizani yake haina utani. Uzito ni wa florini iliyolika kidogo, ndivyo inavyotakiwa. Ni halali.

Nikafunga duka. Nikaweka sabuni, kioo, 7, 5. Nimetazama hadi macho yakatoa machozi. Kistari cha mama hakina kijino. Kushoto kina bega, pale mguu wa 5 unapoanza kushuka.

Ni 5. Mama ametembea na 1905 shingoni maisha yake yote.

Nimekaa. Furaha ilikuwepo, labda kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Halafu nikakumbuka nilichojua siku zote, nikakisahau kwa kuwinda tarakimu. Wakusanyaji wanakimbia tundu kama ukoma. Sarafu adimu ikitobolewa inaitwa ya kuziba pengo, anainunua asiyeweza kununua nzima. Nimemtumia yule mtu wa Dar picha nikamwambia ukweli. Amejibu neno moja, "Tundu?" Kisha kimya. Safari ya Vwawa imekufa.

Lameck nilipomwambia akasema, "Babu katoboa bati zetu." Nimecheka. Yeye hakucheka.

Sasa nani atamwambia mama kuwa ng'ombe wake hauziki?

Jumamosi, 28 Juni. Ihanda

Nimemwambia mimi. Tulikuwa kwenye kichanja cha kahawa, mama anachambua punje mbovu, Lameck kakaa juu ya ndoo kanuna. Nimesema yote: kwamba ni ya mwaka adimu, kwamba ingekuwa nzima ingeezeka nyumba, kwamba tundu limeua bei, kwamba babu bila kujua aliiharibu.

Mama hakuacha kuchambua.

"Nani kakwambia hakujua?"

Namwandika alivyosema, nisije nikasahau. "Baba yenu alikuwa mtu wa kwenda. Leo yupo, kesho anataka kurudi migodini. Baba yangu alimwona. Akasema, fedha hii nikiitunza nzima, siku mkigombana huyu atakuja kuidai, na mimi nitampa, na wewe utarudi hapa na mtoto mgongoni. Akachukua msumari na nyundo, mbele ya wazee wote. Akamwambia baba yenu, haya, sasa hata dukani kwa Mhindi haipokelewi. Wewe huwezi kuidai, mimi siwezi kuila. Mwanamke amekaa."

Lameck aliinua kichwa.

"Tuligombana sana na baba yenu, msidhani. Anakasirika, anachukua koti lake, anafika mlangoni. Anaitazama hii hapa kifuani. Anarudisha koti, anaenda kupasua kuni."

Kuni zile nazikumbuka. Tulikuwa na kuni nyingi kuliko nyumba zote za jirani, na mimi nilidhani baba anapenda kazi. Nimelia mbele ya kahawa, bila kujificha.

Nikampa ile 1905 nzima aishike. Akaigeuza, akapitisha kidole pale ambapo tundu lingekuwa. "Hii haijaolewa," kasema, akanirudishia. "Hii uza."

Lameck amekunywa chai vikombe vitatu.

Alhamisi, 3 Julai

Nimeirudisha 1905 mnadani, pamoja na ile 1902 na malkia wangu wawili wazuri. Hawana tundu, watapata watu. Lameck ameshapima paa. Ametumia ujumbe akiuliza bati za rangi gani. Nimemwambia amuulize mama. Mama anataka bluu.

Jumapili, 13 Julai

Ibada ilikuwa fupi. Upepo na vumbi, wateja wachache.

Nimepitia mnada kwa mazoea tu. Chini kabisa, kwenye fungu la vibovu, kuna shilingi ya malkia mzee, imetobolewa juu ya taji. Muuzaji ameandika imeharibika, kaomba radhi. Nimeweka dau dogo. Herufi Mbili hakutokea, wala mtu mwingine yeyote. Imekuwa yangu bila ushindani.

Najiuliza ilikuwa shingoni kwa nani.