Filamu Niliyoisoma Dirishani

Akello, mpwa wangu,

Ni mimi Anko, yule aliyempiga chui makofi mawili msituni enzi za jeshi. Najua ungenikatiza: "Anko, mwaka jana lilikuwa kofi moja!"

Mama yako amerudi kuuza vitenge sokoni Kikuubo. Chakula ananiwekea, lakini hasemi nami.

Nina hasira, Akello. Siku ile hospitalini walitupa picha ya skani ya kifua chako ndani ya bahasha, wakasema musawo, daktari mwenyewe, atakuja Jumatatu. Hivi hivi tu, kama wanafunga vitumbua! Hakuna aliyetueleza neno. Nami ningoje Jumatatu, mimi niliyebeba majeruhi vitani? Nikaisimamisha filamu dirishani pale nyumbani Kisugu, kando ya ile ya kwanza ya kabla ya dawa, nikapima uvimbe wa saratani kwa kidole gumba. Umekua! Nikatangaza mbele ya ukoo mzima: dawa imeshindwa, mtoto asichomwe tena sindano bure.

Wewe ukauliza kutoka mkekani, "Anko, una hakika?"

"Kama ninavyojua jina langu."

Jumatatu hatukurudi.

Baada ya kukuzika ndipo nesi mmoja akanieleza. Dawa ile haiui uvimbe yenyewe, inaamsha askari wa mwili. Wakijazana mle kupigana, uvimbe unaweza kuonekana mkubwa kwanza. Ndiyo maana hupigwa picha nyingine baada ya majuma kadhaa, ndipo ijulikane. Huenda ulikuwa unapona. Huenda hapana. Hiyo picha nyingine wewe hukupigwa, kwa sababu yangu. Askari, Akello! Mimi, askari mzima, niliona wenzangu wanafika nikawaita adui.

Na wale wa hospitali, kwa nini hawakusema hayo siku ile ile, kwa maneno matatu tu? Nilikwenda kuwafokea mpaka mlinzi akanitoa nje. Nikarudi kesho yake. Sasa kila siku ya kliniki niko kwenye lile benchi tulilokuwa tukingojea zamu mimi nawe. Nikiona mzazi anainua filamu kwenye mwanga, namwambia, "Irudishe, mama. Usiisome. Mngoje musawo, umuulize mpaka achoke." Wakiuliza mimi nani, nawasimulia habari yako, bila kuongeza kitu. Benchi hilo sitaliacha, nakuahidi.

Pumzika, mwanangu. Ungeniuliza leo kama nina hakika, ningekujibu: sina.

Na yule chui sikumpiga. Nilikimbia.

Anko wako