Hatukulisukuma, Kaka, Tuliliinua

Kaka Lusajo,

Mugonile. Hata salamu yetu sasa naiandika kwa shida, maana ni kumwuliza mtu kama amelala salama, na wewe umelala hivyo. Lakini leo sikuandikii nilie. Leo nina habari, tena kubwa, na hii kalamu ya mume wangu inavuja wino lakini siwezi kungoja anunue nyingine. Kaka, lile gari lako la boksibodi limefika Mwaya!

Limefika, nasema. Halikuvutwa na ng'ombe kama walivyokuwa wanakutania dukani. Yale mabati uliyoyaokota nyuma ya duka la Mzee Athumani, uliyolala chini yake misimu miwili mpaka mama akasema umeoa gari, yameshuka toka Tukuyu yenyewe, yakapita Kyela, yakapita Bujonde, yakaliona ziwa. Ambokile ndiye aliyeendesha. Yule uliyemfundisha kazi, siku hizi ana leseni na masharubu, na masharubu ndiyo anayoyaringia zaidi.

Ngoja nianze mwanzo, nisikuchanganye.

Tangazo la mashindano ya magari lilibandikwa dukani baada ya matanga yako kwisha. Upande mmoja Kiingereza, upande mmoja Kiswahili. Mzee Athumani anasoma herufi za Kiarabu tu, basi akaniita: "Binti, wewe si umefika darasa la pili? Njoo utusomee hii karatasi ya wazungu." Nikasoma na kidole changu, watu wamenizunguka. Dereva yeyote mwenye leseni anaruhusiwa. Kisha sheria, moja baada ya nyingine. Moja niliisoma mara tatu kwa sababu walinirudisha: "Gari lisisukumwe wala lisivutwe na mtu asiyekuwamo ndani." Nilipotoka pale nilikuwa nimeshajua ombi langu kwa Ambokile. Wewe kwenye homa ile uliniambia, umenishika mkono, "Tumpe dada yangu, nataka wale wa mashindano waliandike kwenye kitabu chao, pamoja na magari mengine." Maneno mengine ya siku ile sikumbuki vizuri. Hilo nimelikumbuka kila siku.

Basi siku ikafika. Kaka, ungekasirika wewe! Tumekaa kando ya barabara tangu jua linachomoza, mimi na mwanangu Sekela mgongoni (hukumwona, kaka, ana meno mawili na anauma), na akina mama wa Kikisi waliokuja na vyungu vyao kutoka Lyulilo wakidhani watauza. Tulingoja kuona magari yanafukuzana. Hayafukuzani! Yanatolewa Tukuyu moja moja, hili likitoka lile linasubiri, na linalokuja mbele si lazima liwe limeshinda. Eti yanashindana na saa. Mama mmoja wa Kikisi akauliza, "Sasa hiyo saa iko kwenye gari gani tuishangilie?" Gari linapita kama mtu amepiga chafya, mnabaki na vumbi, mnakaa tena. Na gari la yule bwana wa mashamba ya chai lilifuatwa na lori zima limejaa matairi na mafundi wawili. Nikauliza, huo si msaada? Nikaambiwa hapana, hao ni watu wake.

Nilikuwa nimeanza kununa. Ndipo nikalisikia lako. Nililijua kwa kile kikohozi chake, kile ulichosema hutakitoa kwa sababu ndiyo sauti yake. Nikaruka! Nikapiga vigelegele mpaka Sekela akaanza kulia, kisha akacheka.

Na pale pale mbele yetu, panapokatiza maji ya mashamba ya mpunga, likazama. Magurudumu ya nyuma yote mawili. Ambokile anakanyaga mafuta, linazidi kwenda chini. Watu wote wamesimama na mikono inawawasha. Wewe unatujua, kwetu gari likikwama hakuna anayengoja kuitwa. Wakanigeukia mimi. "Mama Sekela, karatasi inasemaje?"

Nikasema, "Lisisukumwe, wala lisivutwe."

Mzee Athumani, amekunja kanzu mpaka magotini, akauliza, "Na kuinuliwa?"

Kaka, nilifumba macho nikaisoma ile karatasi kichwani, tangu juu hadi chini. Nikasema, "Kuinuliwa hakumo."

Hee! Hapo ungeona. Akina mama wa Kikisi wakavua vichwani kata zao za kubebea vyungu wakawapa wanaume waweke mabegani, maana bati lilikuwa la moto. Nami nikaweka kata begani, Sekela nikamwachia mama mmoja. Tukaingia topeni upande huu na upande huu. "Mtu asisukume! Juu tu! Juu!" Na gari likaenda juu, kaka, na Ambokile ndani yake ameshika usukani hewani, anatuambia polepole, polepole, mtanichubulia rangi. Rangi gani? Tukalibeba kama mgonjwa, tukaliweka pakavu, likakohoa, likaondoka. Nilikuwa na tope mpaka kwenye masikio. Bega hili linaniuma mpaka leo na silikandi.

Nikamrudisha Sekela mgongoni, tukalikimbilia Mwaya, si mbali. Tulipofika tukakuta kelele. Mwamuzi, mzungu mwenye kofia pana, ameshaambiwa. Karani wake anatafsiri: gari limesaidiwa, litafutwa kitabuni. Litafutwa! Ambokile anasema hatukusukuma, mwamuzi anatikisa kichwa, karani anauliza, "Nani aliyewaambia kuinua kunaruhusiwa?" Watu wote, kaka, hata Mzee Athumani, wakanionyesha mimi kwa vidole.

Na kando ya meza, ameshika bendera ya mwisho, nani amesimama? Baba mkwe wangu. Jina lake unajua silitamki. Wewe ndiye uliyekuwa unanicheka ninavyorukia kichakani nikiona tu fimbo yake inakuja. Sasa nifanyeje? Nikienda mezani nitakuwa nimemtazama uso, na huo kwetu ni mwiko. Nikinyamaza, wanakufuta.

Nikageuka. Nikawapa wote mgongo, nikajifunika kitenge kichwani, nikatazama ziwa. Sekela mgongoni ndiye aliyekuwa akiwatazama kwa niaba yangu. Nikapaza sauti kwenye maji, nikaisoma sheria neno kwa neno. Nikasema, kama wangetaka kukataza kuinua wangeandika kuinua. Nikasema, lori la matairi lililomfuata bwana wa chai si msaada, mabega yetu ndiyo msaada? Nikasema, aliyelitengeneza amekufa, hawezi kuja na mafundi wake, sisi ndio watu wake.

Nikasikia nyuma yangu sauti ambayo huwa naikimbia. "Karani, mwambie bwana, huyo anayesema na ziwa ni mke wa mwanangu. Alichokisoma ndicho kilichoandikwa. Lete karatasi."

Wakaleta. Wakasoma Kiswahili, wakasoma Kiingereza, kumbe Kiingereza kinakataza msaada wowote, na aliyetafsiri alijifupishia kazi. Mwamuzi akavua kofia akajikuna. Kwa saa tulikuwa wa pili, kaka, wa pili! Lakini akasema nafasi hatupati, Kiingereza ndicho kikubwa. Watu walizomea mpaka bata wakaruka majini. Nami nilizomea, bado nimegeuka. Kisha karani akasema kwa sauti, "Bwana anasema kosa la karatasi si kosa la gari. Halifutwi. Linaandikwa chini kabisa."

Ambokile alichungulia kitabu. Jina lako limo, limeandikwa kama mtengenezaji, herufi moja imekosewa. Nikamwambia aiache hivyo hivyo, wasije wakabadili mawazo.

Nilipokuwa narudi nilicheka njiani peke yangu kama mwendawazimu, kisha nikakaa chini nikakulilia, kisha nikainuka kwa sababu Sekela alikuwa na njaa.

Wanasema mwakani karatasi itaongezwa neno: wala lisiinuliwe. Neno zima kwa ajili yetu! Basi nakuahidi, kaka. Mwakani nitawasomea watu pande zote mbili za karatasi. Ambokile ataniandikia maneno ya Kiingereza nijifunze, ameshaanza na "wheel". Na likizama tena, nitasimama mikono nyuma, nimemshika Sekela miguu naye asiliguse, nitalia, nitatukana tope, lakini litatoka lenyewe.

Ndaga fijo, asante sana, kwa gari hili. Pumzika, mwili wako ulichoka.

Mimi dada yako,
Tumpe