Mgiriki Hakufika Kibirichia

Kibirichia,
Jumapili alasiri.

Kwako kaka yangu Murungi,

Pokea salamu zangu mimi dada yako, na umpe Njoki na watoto sehemu yao. Natumai joto la Gachoka halijawachosha na kwamba mgongo wako umepata nafuu. Huku baridi ni ile ile, viazi vimechanua, na Mama anaendelea na dawa zake za presha. Ningependa kuishia hapo nikuambie tuko salama. Hatuko salama. Tumeshindwa kesi ya shamba.

Unakumbuka jinsi mwenye kampuni ya maua alivyotokea na hati mpya, akidai mteremko wote ni wake. Wakili wetu, Bwana Riungu, alisoma mahali kwamba kati ya Wagiriki wa kale walioandika jiografia, mmoja alitaja milima yenye theluji ndani ya Afrika, karibu miaka elfu mbili iliyopita. Akawaambia wazee kwamba mlima huo ni huu wetu, basi watu waliokuwa chini yake ni sisi. Wazee walifurahi kupita kiasi. Baba alimsimulia kila mtu sokoni habari za huyo Mgiriki, utadhani aliwahi kulala kwetu. Na kwa kuwa mimi nafundisha historia huko Embu, ikaamuliwa niwe shahidi.

Nilimweleza Baba mapema. Nilimwambia maandishi hayo yanatufaa sana sisi wanahistoria, yanatuonyesha wafanyabiashara walifika bandari zipi na walibeba nini, lakini ni lazima uulize mwandishi aliona nini kwa macho yake na nini aliambiwa tu. Habari za bara alizipata kwa wasafiri, nao walizisikia kwa wengine. Nikamsihi watumie makaburi ya babu zetu na miti ya mipaka. Baba akanijibu, "Makaburi hata wao watasema wanayo. Ya Mgiriki imeandikwa."

Mahakamani, wakili wa kampuni aliniuliza kwa upole kama mwandishi huyo alifika hapa. Nikasema hapana. Akauliza kama alitaja Wameru popote. Nikasema hapana. Kisha akataka kujua wazee wetu husema tulitoka wapi. Nikamjibu lile ambalo kila mtoto wa Kimeru analijua, kwamba tulitoka Mbwaa, kando ya bahari. Akauliza kama safari hiyo ilikuwa kabla ya Mgiriki au baada yake. Nilimtazama Baba. Nikasema wanahistoria wengi huiweka baada, tena baada sana. Baba akachukua kofia yake akatoka nje.

Jaji alisema ushahidi wetu mkuu umeangushwa na shahidi wetu mwenyewe. Tumeamriwa tuhame tukishavuna viazi hivi. Mama hanilaumu kwa mdomo, ila chai ananimiminia bila kuniangalia.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu, kwa maana kwa simu nisingeweza kulisema. Bwana Riungu anataka kukata rufani, na anataka niape kwamba siku ile nilichanganyikiwa, kwamba mwandishi yule aliandika habari za babu zetu waziwazi. Nilikataa. Jana Baba alinifuata shambani, akapiga magoti kwenye matuta ya viazi. Baba yetu, Murungi, ambaye hajawahi kuniomba hata maji ya kunywa! Akasema, "Mwari wakwa, binti yangu, sema tu alituona."

Nililia, nikamwambia siwezi. Hakukasirika. Alikaa vile vile chini, akaniuliza kama katika maandishi yote ya watu wale hatumo kabisa. "Hata jina moja?" Nikamwambia hata jina moja. Akainuka polepole, akaenda kuketi langoni na panga magotini, na hadi sasa yuko pale. Chakula hagusi. Anasema trekta ya kampuni itapita juu yake kwanza.

Njoo, kaka. Mimi nikimkaribia anageuza uso. Wewe hujamwambia neno lolote, bado unaweza kumwita Baba akaitika.

Mama anakusalimu, naye Shangazi Kagure anawaombea. Mungu awalinde mpaka tuonane, na tuonane upesi.

Ni mimi dada yako,
Makandi