Tulia, Mashine

Ofisi ya Idara ya Elimu ya Afya
Jumanne, 4 Machi

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta umekaa, si umeinamia mashine ya kusaga huku mkanda unazunguka. Mimi ni mzima, ila bado naruka kusimama kila mara Mhadhiri wetu anapopita mlangoni kwangu, hata akiwa anakwenda kunywa chai. Kifua kinaendeleaje? Usingizi unapata? Dawa unameza zote, pamoja na ile kubwa unayosema ni ya ng'ombe?

Nakuandikia kwa sababu nimepata tarishi. Kuanzia kesho basi la chuo litaleta wanafunzi wetu mtaani kwenu kila Jumatano. Wanasomea kuelimisha watu juu ya afya, na siku hizi hawajifunzi darasani tu. Wanakwenda kwa wananchi, wanaingia majumbani, wanasikiliza, kisha wanatengeneza somo pamoja na wenyeji. Kwa kazi hiyo wanapewa alama. Dereva amekubali kubeba barua zetu, maana simu huisikii, na herufi za ujumbe wake unasema ni safari ya sisimizi.

Mjomba, hapa ofisini hakuna anayejua kwamba nina ndugu huko. Sikuficha kwa ubaya. Mkataba wangu unakwisha mwisho wa Juni, na Mhadhiri ndiye atakayesema kama nabaki. Naogopa aje aone nimeingiza ukoo kazini. Wakikupitia, wapokee. Wakikuuliza habari za ugonjwa, si lazima ujibu. Lakini ukijibu, usiwe na wasiwasi. Kanuni zao nimezichapa mwenyewe: mtu akisema jambo lake, linabaki pale pale.

Mpwa wako,
Karani


Mashineni
Jumatano, 12 Machi

Bibi Karani,

Marahaba, na usizeeke kabla yangu. Mimi mzima kwa kiasi cha mtu wa vumbi. Nesi amenipima tena, akaniruhusu kurudi kazini. Anasema siambukizi mtu sasa, mradi nisiache dawa mpaka miezi sita itimie. Ile ya ng'ombe naimeza. Ng'ombe mwenyewe angegoma.

Wanafunzi wako wamefika. Wawili walibaki mlangoni wakipangusa nguo kabla hata hazijachafuka. Wa tatu, kijana wa miwani, akaingia moja kwa moja akakaa juu ya gunia. Nikampenda papo hapo. Nilipokohoa hakurudi nyuma. Akanisogelea upande wa sikio lenye nafuu, akaniuliza lile neno langu linatoka wapi, lile ninalosema nikishamaliza kukohoa na kujipiga kifua: "Tulia, mashine, grisi inakuja." Nikacheka, na katika kucheka nikajikuta nimemwambia yote. Kwamba ni kifua kikuu. Kwamba grisi ndiyo dawa. Nilinong'ona, maana mimi nikisema kawaida hata wa ng'ambo ya barabara wanaitikia.

Nikamwambia pia kwamba mtaani hakuna anayejua ila nesi, na asijue mtu. Nani ataleta mahindi yake kwa msagaji wa namna hiyo? Nesi anaweza kuwaelezea mpaka sauti ikauke kwamba unga hauna kosa, lakini mtu hali unga kwa kuelezwa. Kijana akanipa mkono, akaapa.

Ni kijana mwema. Hajaoa. Nimetaja tu.

Mjomba wako


Ofisini
Jumanne, 6 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Leo nisamehe, sitakuuliza mengi ya afya yako. Kuna jambo la haraka.

Kesho kundi hili la wanafunzi linamalizia kazi yake kwenu, kabla ya kundi lingine kuanza, kwa igizo la kifua kikuu, pale uwanja wa soko. Wamekuwa wakifanya mazoezi katika chumba kinachopakana na ofisi yangu. Sikuyatilia maanani, maana kutwa ni vicheko. Leo mchana nilikuwa napanga bahasha, nikasikia kupitia ukutani mtu anakohoa kikohozi kirefu, kisha kifua kinapigwa, kisha sauti: "Tulia, mashine, grisi inakuja." Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko.

Nilisimama nikaenda mpaka mlangoni kwao. Nikainua mkono nibishe. Kisha Mhadhiri akatokea kwenye korido, akaniuliza, "Karani, unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta gundi. Gundi, mjomba. Akaniambia iko kwenye droo yangu, na kweli iko.

Tafadhali kesho usiende uwanjani. Funga mashine, nenda popote, sema unaumwa jino. Nimemsihi dereva akupe barua hii kabla hajafanya jambo lolote. Njia nyingine ya kukufikia sina.

Mpwa wako


Ofisini
Jumanne, 20 Mei

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nakuuliza hali ingawa hujanijibu wiki mbili. Umeshiba? Unalala? Dawa unameza? Nijibu hilo la mwisho tu, mengine yatasubiri.

Dereva amenieleza. Siku ya igizo, walipofika, wanafunzi walimtuma kwanza kushusha mbao za jukwaa na spika. Alipokuja mashineni na barua yangu mfukoni alikuta umeshafunga. Alipokuona, ulikuwa mstari wa mbele kabisa, kwenye kiti walichokuwekea wao wenyewe, kwa heshima, kwa kuwa husikii vizuri. Anasema alishindwa kupenya. Anasema pia kwamba tangu siku hiyo mlango wa mashine haufunguki, na barua yangu aliiingiza chini ya mlango.

Huku igizo limepata sifa. Mhadhiri amefurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Anataka lichezwe tena tarehe 20 Juni, ukumbi mkubwa, mbele ya wageni wanaofadhili idara, na watu wa mtaa wenu wataletwa kwa basi waone. Amenipa ratiba ya siku hiyo niichape.

Niliingia ofisini kwake. Nilijikaza nikasema, "Samahani, Mhadhiri, igizo lile huenda linamgusa mtu."

"Linagusa watu wote, ndiyo kazi yake."

"Namaanisha mtu mmoja."

Akavua miwani ya kusomea. "Nani? Hakuna jina lililotajwa mle."

Jina sikulitoa. Maana nikisema ni msagaji wa mtaa ule, nimemtangazia ugonjwa wako mtu asiyeujua. Nitakuwa nimefanya lile lile alilofanya kijana wa miwani, tena mimi bila jukwaa. Nikisema ni mjomba wangu, hali kadhalika. Na nisiposema, utaigizwa tena mbele ya wageni. Nikasema, "Nimesikia tu." Akanijibu, "Ukisikia kitu, kilete kamili."

Siwezi kukileta bila ruhusa yako. Niambie niseme au ninyamaze. Nijibu, mjomba.

Mpwa wako


Jumatano, 28 Mei

Karani,

Nyamaza.

Sikusikia neno hata moja siku ile. Niliona. Niliona mtu amejipaka unga nywele zote, watu wanacheka, nami nikacheka nao kwa nguvu, nikidhani ni msagaji wa kuchekesha tu. Mpaka alipojipiga kifua. Mara mbili, kama mimi. Alikuwa yule kijana, amevua miwani yake, ndiyo maana sikumtambua mapema. Nikageuka nyuma nione wenzangu wanasemaje, nikakuta hakuna anayetazama jukwaa. Wote wananitazama mimi.

Sasa naitwa Grisi. "Grisi, leo inawaka?" Mwenye duka la jirani, niliyemsagia tangu hajaota ndevu, anapeleka mahindi yake mtaa wa pili na kunipita kwa upande mwingine wa barabara.

Unauliza dawa. Kliniki iko nyuma ya soko na benchi lake linatazama njia. Sijaenda. Zilizokuwa ndani zimekwisha. Usianze kulia juu ya karatasi, kazi yako ni ya karatasi.

Na usiseme kitu huko. Mkataba wako ni Juni. Mimi nimeshapoteza mashine, sitaki kusikia na wewe umepoteza meza.

Mjomba


Ofisini
Jumanne, 10 Juni

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Siulizi hali, kwa kuwa naijua. Nimekutii nusu tu. Nusu nyingine naomba unikaripie ukishapona.

Kijana wa miwani alikuja ofisini kuchukua cheti cha kundi lao. Nikafunga mlango. Sijawahi kumfungia mtu mlango maishani. Nikamwambia, "Yule uliyemwigiza, mimi simtaji. Wewe unamjua."

Akatabasamu. "Ah, yule mzee! Nampenda sana yule mzee. Ndiye aliyenipa igizo zima."

"Alikupa? Au alikuambia?"

Nikamwambia kwamba mtu huyo amefunga kazi, na kwamba hamezi dawa. Hili la dawa nilikusemea bila ruhusa, nilimwambia yeye tu, kwa sababu mengine yote alikuwa nayo tayari kutoka kinywani mwako. Alikaa kwenye kiti cha wageni, akakikunjakunja cheti magotini. Kisha akasema, "Lakini hatukumtaja jina." Alilisema polepole, kama anayeonja chakula kilichoharibika. Akaondoka na cheti akakiacha.

Baadaye nilirudi kwa Mhadhiri. Nikasema, "Sitaichapa ratiba ikiwa na igizo lile. Kuna mtu alisema jambo lake kwa mwanafunzi wetu, na jambo hilo limewekwa jukwaani."

"Nani huyo?"

"Siwezi kumtaja."

"Karani, unanituhumu kwamba wanafunzi wangu wamevunja kanuni, na mlalamikaji hana jina?"

"Nikimtaja, Mhadhiri, nami nitakuwa nimeivunja."

Hakupandisha sauti, afadhali angepandisha. Akasema hadi Jumatano ijayo, tarehe 18, mchana, nimpe jina ili amwendee mhusika na amalize jambo kama inavyopasa, au nimpe ratiba iliyochapwa. Vikikosekana vyote viwili, asitegemee kuniona Julai.

Mjomba, nimeamua. Jina lako sitalitoa, na ratiba sitaichapa. Mimi niliyekuwa nikibisha hodi hata kwenye banda la kuku, unakumbuka ulivyonicheka, nimeamua hivyo, na tangu niamue siwezi kula. Sikuombi uniokoe. Nakuomba jambo moja tu kwa malipo ya meza yangu: nenda kliniki. Nenda na mwavuli, nenda umejifunga shuka, nenda kinyumenyume. Ukiacha dawa katikati ugonjwa unarudi na ukaidi zaidi, nimekaa idara hii kiasi cha kulijua hilo. Sina mjomba mwingine.

Mpwa wako


Ndani ya basi
Jumatano, 18 Juni

Bibi Karani, mpwa wangu,

Hujambo? Mimi sijambo kwa mbali. Mwandiko ukiruka usinilaumu, mlaumu aliyechimba barabara hii. Nimekaa kiti cha mbele tena, safari hii nimekichagua mwenyewe.

Alikuja yule kijana wako. Si kwa basi, alikuja peke yake, bila fulana ya chuo. Alibisha, sikusikia. Akagonga na jiwe, nikasikia. Nikamfungulia, nikamwona, nikafunga. Akakaa kizingitini. Nilipotoka jioni kumwaga maji bado yupo. Nikamwambia, kwa ile sauti yangu ya kawaida, "Umekuja kuchukua sehemu ya pili?" Mtaa mzima ulisikia. Akainama. Hakujitetea, na hilo ndilo lililonichosha. Ningempata wa kubishana naye ningepumua.

Asubuhi akarudi. Akaniandikia kwenye karatasi, kwa herufi za mtu mzima, si za sisimizi: "Nitakaa na wewe kwenye foleni." Nikamwambia aende zake. Kisha nikatazama lile gunia alilokalia, nikakumbuka barua yako, na meza yako. Nikavaa shati.

Tulikaa benchi moja, mbele ya njia yote ya sokoni. Watu walipita na macho yao. Mwanamke mmoja akaanza, "Grisi, leo ume..." na kabla hajamaliza, kijana akakohoa. Kikohozi kile kile cha jukwaani, kirefu, cha kutoka kwenye nyayo. Akajipiga kifua mara mbili. Yule mama akamtazama yeye, akanitazama mimi, akamtazama yeye tena, hakujua aogope yupi. Akasogea akaenda zake. Mwenzangu mwingine wa benchi akahama upande wa pili, kijana akabaki na nafasi ya watu watatu. Mpwa wangu, nilicheka mpaka nikakohoa kweli.

Nesi hakucheka. Amenisema kama mtoto, amechukua makohozi upya, na miezi imeongezeka. Nimeanza tena. Mashine bado haina mteja, ila yule mwenye duka jana alinisalimu kwa mbali, na mkono wake haukuwa mzito.

Sasa sikiliza. Kijana alitaka aende kwa Mhadhiri aseme yeye. Nimemkataza. Ameshanisemea mara moja, inatosha. Na wewe usiniseme, umenyamaza vizuri kuliko nilivyokuomba. Jina analolitaka Mhadhiri ni langu, kifua ni changu, na mchana wa Jumatano ni leo.

Naogopa. Usidhani uoga wako uliuokota njiani, ni wa ukoo. Nimekubaliana na dereva: tukifika getini miguu ikikataa, barua hii atakupa yeye, na mimi nitabaki ndani ya basi nikisubiri kurudishwa. Kwa hiyo tazama ni mkono wa nani uliokuwekea mezani. Kama una unga kwenye kucha, usiniambie kitu, sitasikia. Inua tu kichwa, unionyeshe mlango wa Mhadhiri.

Mjomba wako