Nakala ya Laptop ya Marehemu Dionis

MAELEZO YA SHAHIDI

Yameandikwa kituo cha polisi, Tabora mjini, siku ya Alhamisi tarehe 11 Julai 2024, kuanzia saa nne na dakika tano asubuhi, mbele ya Koplo Shigela.

Jina: Majidi Omari Kalunga
Umri: Miaka 46
Kabila: Mmanyema
Dini: Muislamu
Kazi: Fundi wa kompyuta na simu
Makazi: Gongoni, Tabora mjini

Mimi ndiye mwenye jina hapo juu. Nina kibanda cha ufundi karibu na soko, huu ni mwaka wa kumi na nane. Nasema mapema kwamba mimi ni mtu wa kushuku. Kwa kazi hii usiposhuku utalala mahabusu kwa sababu ya laptop ya mtu usiyemjua. Afande ameniambia nijibu kilichoulizwa, nami najibu.

Mnamo tarehe 9 Julai 2024, siku ya Jumanne, majira ya saa nne na nusu asubuhi, alifika kibandani kwangu muuza asali ninayemfahamu kwa sura, jina lake Adinani. Tulisalimiana. Akatoa laptop nyeusi ya zamani kwenye mfuko wa sandarusi, akasema, "Fundi, futa kila kitu. Kisha piga window upya, iwe kama imetoka dukani leo."

Niliingiwa na shaka hapo hapo. Kila mteja anayeleta kompyuta kufutwa, neno lake la kwanza ni "fundi, usinipotezee picha zangu." Huyu hakutaja picha. Nilimwuliza paswedi, hakuijua. Tena laptop yenyewe niliitambua. Kitufe cha herufi A nilikibandika mimi mwaka jana, cheupe, nilikitoa kwenye mashine nyingine mbovu. Ilikuwa ya Mzee Dionis, aliyekuwa akiwachapia watu barua na viapo kwenye kibaraza karibu na mahakama. Mzee huyo alikuwa amefariki wiki iliyotangulia.

Nilimwuliza, "Hii ni ya nani?"

Akasema, "Ya mtani wangu."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Tumemzika Alhamisi."

Ni kweli Mzee Dionis alikuwa Mnyamwezi na Adinani ni Mzaramo, na makabila hayo ni watani tangu wapagazi walipokuwa wakienda pwani na kurudi. Msibani mtani huchukua kitu cha marehemu, huvaa kofia yake, huigiza kikohozi chake, watu wanacheka huku wanalia, na akishapewa kuku wake anakirudisha. Hayo nayajua, nimezaliwa hapa. Lakini sijapata kuona mtani anayepeleka kitu cha marehemu kwa fundi kikafutwe.

Nilimwambia aniachie, arudi jioni. Alikataa. Alikaa kwenye benchi akasema, "Sitoki mpaka nione kwa macho yangu imefutika." Shaka ikazidi. Ilipoadhiniwa adhuhuri nilimwambia atangulie msikitini, mimi nitaswali hapo hapo kibandani. Akaenda. Mimi sikuswali. Nilichomoa diski ya ile laptop, nikaichomeka kwenye mashine yangu, nikanakili barua zote kwenye flashi. Ilichukua dakika kumi na nane. Hakuna aliyenituma, nilitaka tu nimnase.

Aliporudi niliirudisha diski, nikaifuta mbele yake yote mpaka ikabaki tupu, kisha nikaanza kupiga window. Mashine ile imezeeka, ilijikongoja mpaka saa kumi kasorobo. Adinani hakuondoka. Alikuwa akisoma asilimia kwa sauti kila zilipopanda. Ilipofika mahali pa kuandika jina la mtumiaji nilimwuliza niandike nani. Akasema, "Andika Veneranda." Nikasema moyoni, kumbe kuna mwanamke anapelekewa zawadi ya wizi.

Alipoondoka nilimpigia simu mjane wa marehemu, anayeishi Kipalapala. Mimi namjua kwa jina la Mama Benedikta. Nilimweleza kwamba laptop ya mumewe imefutwa. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Kisha akasema, "Mimi nilijua ni utani. Hata kuku wake nilishamtenga." Nilimshauri aje kuripoti. Alisita, akasema mtani hashitakiwi. Nilimjibu, "Mama, huyo si mtani, ni mwizi." Neno hilo ni langu, si lake. Naomba liandikwe hivyo. Jioni alikuja akaripoti.

Tarehe 10 Julai, saa mbili na nusu asubuhi, Adinani alikamatwa akiwa na baiskeli barabara ya Kipalapala, laptop iko mgongoni. Niliitwa hapa kuitambua. Alipoulizwa kwa nini ameifuta alijibu, "Mwenyewe aliniambia." Alipoulizwa nani anaweza kumshuhudia, aligeuka akaniambia, "Fundi, dhana nyingine ni dhambi." Nilimjibu kwamba wizi nao ni dhambi.

Siku hiyo hiyo, saa nane mchana, nilifungua ile flashi kibandani nipate cha kumbana nacho. Nilikuta mafaili mia mbili na kumi na matatu, kila moja lina jina la mtu. Madai ya talaka, maombi ya matunzo ya mtoto, mtu anamwomba radhi kaka yake kwa jambo ambalo sitalitaja. Wengine nasalimiana nao kila siku sokoni. Nakiri nilisoma nyingi kuliko nilizohitaji.

Faili moja lilikuwa na jina la Adinani, la tarehe 2 Juni. Mzee Dionis aliandika hivi: "Mtani wangu, siku yangu ikifika wewe peke yako utaingia chumbani kwangu na kubeba utakacho bila kuulizwa. Beba kompyuta. Ikafutwe yote, usimame mpaka mwisho. Watu waliniletea aibu zao nizichape, sikupewa niwarithishe wanangu. Ikiwa safi iandikwe jina la Veneranda, umrudishie. Naye usimweleze kitu, zimo za ndugu zake."

Veneranda ndiye Mama Benedikta. Sikujua jina lake. Yule mtu alikuwa anairudisha, na mimi nikamkamatisha njiani.

Hapo nilitakiwa nizime mashine nije kituoni. Sikuja. Chini kwenye orodha niliona jina la Swaumu Hamisi. Huyo ni mke wangu, tuna miaka kumi na tisa ya ndoa.

Ilikuwa barua ya ukurasa mmoja, ya tarehe 18 Aprili, anaomba kwa shehe shauri letu lisikilizwe. Nakumbuka maneno yake. "Mume wangu huchukua simu yangu nikiwa naoga. Nikitoka kwa dada yangu, humpigia kuuliza kama kweli nilifika. Hajanipiga hata siku moja na chakula hatukosi. Ila kila jioni narudi nyumbani kwangu kama mtu anayekwenda kuripoti kituoni."

Sijui kama aliipeleka au aliiacha kwa mzee. Sikumwuliza. Nilirudi nyumbani, akanipakulia, akaniuliza mbona sili. Nilimwambia jino linauma. Afande, niliumia sana, na hilo liandikwe.

Ningeweza kuifuta flashi nikakaa kimya. Hakuna aliyejua kwamba ipo. Lakini bila ile barua Adinani hana shahidi, na mtani akishaitwa mwizi wa msibani hakuna matanga yatakayompokea tena Tabora hii. Yeye amelala mahabusu kwa kutunza siri za watu wasiomjua, mimi nimelala kwangu nikiwa nazo mfukoni. Naomba aachiwe. Naomba mkuu wa kituo akishasoma ile barua ya tarehe 2 Juni, flashi ifutwe mbele yangu na mbele ya Adinani, wala mtu asisome barua nyingine. Afande ameniuliza kama naomba hivyo kwa ajili ya wateja wa marehemu au kwa ajili ya mke wangu. Nimejibu kwamba kwanza ni kwa ajili yangu, naona haya.

Sina zaidi. Nimesomewa niliyoyasema, ni yangu yote, hata yanayonifedhehesha.

Sahihi ya shahidi: M. O. Kalunga

MAELEZO YA ASKARI: Nimeandika maelezo haya kama shahidi alivyoyatoa kwa hiari yake na nimemsomea. Barua ya tarehe 2 Juni imesomwa na mkuu wa kituo, na Adinani ametolewa mahabusu saa sita na robo mchana. Mjane ameitwa kuchukua laptop yake. Shahidi alipotoa flashi mfukoni ilitoka pamoja na simu ndogo nyekundu, ambayo alisema ni ya mkewe, ameichukua asubuhi. Haihusiani na shauri, nimemwachia. Wakati anasaini, simu yake mwenyewe iliita. Alikuwa mkewe, anapiga kwa simu ya jirani, anauliza kama ameiona yake. Nilimsikia shahidi akimjibu, "Ninayo mimi. Niliichukua ulipokuwa unaoga." Kisha akaomba ruhusa ya kuondoka.

Koplo Shigela