Gari Halijajaa, Nami Nimekula

Ijumaa, Makambako. Ukungu haukuondoka mpaka saa nne, baridi inauma vidole, nami nacheka peke yangu hapa kwenye chumba cha intaneti. Nimetoka hospitali Njombe. Majibu yametoka.

Niandike ukweli, maana kwa daktari mwanzoni niliuficha.

Nina saratani ya damu. Dawa yake ni vidonge vya kila siku, unavinywa na chakula. Safari iliyopita daktari alipima dawa iliyomo ndani ya damu yangu, ajue kipimo kinachonifaa mimi, si mtu mwingine. Ikaonekana kidogo mno.

"Unakunywa kila siku?"

"Kila siku, daktari."

Akasema basi itabidi aniongezee.

Nilidanganya.

Sisi wapakiaji wa mbao tuna desturi yetu: hakuna kula mpaka gari lijae. Vidonge vile ukivinywa tumbo tupu, unatapika. Jioni nalala kama gogo kabla hata ya kula. Kwa hiyo siku za kazi niliviacha. Mimi ni Muha wa Kasulu, shule niliishia darasa la tano, na hapa ugenini heshima yangu yote ni mgongo. Niliona haya kula mbele ya wanaume wenye njaa.

Siku ile nilifika mlangoni nikitoka kwa daktari, nikarudi, nikamweleza yote. Hakunifokea. "Afadhali umesema. Ningekuongezea dawa usiyoihitaji. Kunywa hii hii, kwa chakula, halafu tupime tena."

Kesho yake nikamwambia kiongozi wetu, Mzee Sanga. Akanitazama, kisha akapaza sauti: "Jamani, tueni mbao! Huyu Muha anataka kufa kwa kuonea haya kiazi!"

Wakacheka. Nami nikacheka, machozi yakinitoka.

Tangu siku ile, saa nne tunakaa wote juu ya mbao, gari likiwa nusu, tunamenya viazi vya kuchemsha. Nikijisahau, mzee ananiita, "Bwana Kidonge! Umekunywa?"

Leo daktari ameisoma karatasi mara mbili. Dawa imefika panapotakiwa. Haongezi, hapunguzi.

Nimepita uwanja wa mbao kuwaambia wenzangu. Mzee Sanga amenishika bega, akasema, "Sasa panda garini, mbao hazijipangi zenyewe."

Mgongo unauma kama kawaida. Lakini ile aibu niliyoibeba miezi yote, nani alinidanganya kwamba ni nyepesi kuliko ubao?