Baba Mkwe Akikohoa, Mgongo Unakaza

Shangazi, shikamoo. Nakuandikia nimelalia ubavu kwa sababu kukaa siwezi, na nisipokwambia wewe sijui nimwambie nani, maana mume wangu Gidion siku hizi akisikia neno mgongo anatoka nje kwenda kutazama ng'ombe.

Naishi Kawetele, tuna watoto wawili na shamba la chai, na wakati wa mvua nilikuwa nainua kikapu cha majani mgongo ukalia ko! nikakaa chini palepale, nikasema utapona, haukupona, na kabla haujapona upepo ukaezua nyumba ya baba mkwe wangu, akahamia kwetu kwenye kibanda cha uani, na kwa mila zetu Wanyakyusa mke hakutani na baba mkwe uso kwa uso, tunaita kutila, nikimsikia anakuja lazima nijifiche au nichuchumae nijifunike kanga, basi siku moja natoka jikoni na sufuria ya makande nikamgonga kifua kwa kifua, makande yote kwenye viatu vyake, yeye akageuka haraka, nami nikakimbilia migombani nikachuchumaa, mgongo ukanikamata, ghafla moyo ukaenda mbio, pumzi ikakata, mikono ikafa ganzi, jasho likanitoka na baridi yote hii ya huku, nikajua ndiyo nakufa, baadaye yakaisha nikabaki na aibu, lakini tangu hapo kila mzee akikohoa nje mgongo unakaza na yote yanarudi upya.

Wifi yangu Atupokile anasema, "Ulimkosea mzee, ananung'unika moyoni, na manung'uniko ya mkwe ndiyo yanayokula mgongo." Muuza dawa wa sokoni Tukuyu naye kasema moyo wangu umevimba, akanipa unga wa kijani, nimekunywa naharisha tu. Shangazi, nataka kurudi kwa mama yangu Masoko kabla sijafa nikaacha watoto, ila Gidion nampenda, hajanikosea, na najua nikiondoka ndoa ndiyo imekwisha. Niende au nibaki? Ndaga fijo kwa msaada wako.

Mama Tulia, Kawetele

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba. Mama Tulia, tulia kwanza! Pole kwa mgongo, mwanangu, na pole kwa makande. Kwa huo unga wa kijani sikupi pole, umejitakia. Siku hizi kila kitu ruksa, mtu asubuhi anauza mitumba, mchana ni bingwa wa moyo, na wewe unakunywa! Alikupima kwa kipimo gani, kwa macho?

Sasa sikiliza. Mgongo uliumia kwenye kikapu, kabla mzee hajahamia kwenu; umeandika mwenyewe. Mwenye mgongo mbovu akichuchumaa ghafla, misuli inakaza, naye anabana pumzi. Akiwa na woga juu yake, moyo unakwenda mbio, anahema ovyo, mikono inakufa ganzi, anadhani roho inatoka. Hofu nayo inazidi kuukaza mgongo. Maumivu na hofu hapo vinapokezana kama wanawake wawili kwenye kinu kimoja. Huo ni mshtuko wa hofu. Unatisha kweli, sikucheki, lakini hupita.

Kuhusu mzee, usinifundishe mila, mimi nimeolewa hukohuko Rungwe na nimejificha nyuma ya migomba mingi kuliko wewe. Kutila ni neno lenye heshima na woga ndani yake. Wewe umebeba woga wote, heshima umeiacha mlangoni. Hivi hujajiuliza kwa nini mzee anakohoa? Haumwi kifua yule, anabisha hodi! Anakupa nafasi ujisitiri. Na siku ya makande aligeuka haraka kwa sababu naye alikuwa anakutila wewe. Mtu anayekulaani hajisumbui hivyo. Atupokile mwambie aache kutisha wagonjwa, au aje akubebee hicho kikapu.

Kesho nenda hospitali pale Makandana. Mweleze daktari habari ya mgongo na ya moyo, usifiche hata moja, akupime kwa vipimo. Ukiona miguu inakufa ganzi, mkojo unatoka wenyewe au kifua kinauma, usingoje kesho. Unga mwaga chooni. Kikapu abebe Gidion, ng'ombe hawana haja ya kutazamwa kila saa. Mshtuko ukija usikimbie: egemea ukuta, vuta pumzi taratibu kwa pua, itoe taratibu zaidi, uache upite. Kuchuchumaa marufuku mpaka upone. Mzee akipita simama, mgeuzie kisogo, jifunike kanga, heshima imetimia. Gidion aende kwa baba yake na jogoo, amwombe radhi ya viatu na amweleze kuwa mkewe mgonjwa. Hilo ni la mwanamume, lisikusumbue.

Na Masoko huendi. Mgongo utakwenda nao, hofu utakwenda nayo. Utakayemwacha Kawetele ni yule unayempenda tu.